Aya ya 21

Simu ya mjomba iliniamsha saa nane usiku nikiwa hotelini Alexandria, jimbo la Virginia. "Vipi, mmeshinda?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kunywa chai na kufungua karakana. Nilikuwa nimemwambia kwamba shauri letu litasikilizwa saa tatu asubuhi, naye kwa mapenzi yake akaingoja saa tatu ifike kwao Tanga, akapiga. Nikamweleza kwamba saa tatu ya huku ni saa kumi alasiri ya huko. Akanyamaza kidogo. "Ungesema saa tatu ya wapi, mwanangu."

Sikupata usingizi tena. Kulipokucha, wakili wetu alisimama mbele ya majaji watatu akaulizwa karibu swali hilohilo, na jibu hakuwa nalo, maana maneno yaliyoulizwa niliyaandika mimi.

Ni mhandisi wa umeme, nimekaa Wisconsin miaka mingi, na wakati huo nilikuwa kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza vidhibiti vya mota za pampu. Wisconsin ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na mteja wetu mmoja alikuwa mfugaji aliyeweka pampu yetu kwenye kibanda kisicho na joto, nyuma ya zizi. Januari ile alilalamika kwamba kila alfajiri pampu inanguruma. Ikishafanya kazi kama robo saa inatulia, na siku nzima huisikii. Mafundi walikwenda wakabadilisha beringi. Wakarudi tena wakabadilisha pampu nzima. Kesho yake ikanguruma.

Mwishowe nikaenda mwenyewe. Gari lilionyesha nyuzi 22 chini ya sifuri. Sikuwa na kifaa cha maana zaidi ya osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na bisibisi, nikaanza na bisibisi: ncha kwenye gamba la mota, mpini sikioni. Nilijifunza hivyo kwa mjomba, ambaye amekuwa akisuka mota pale Ngamiani, Tanga, tangu sijazaliwa. Mota zilizoungua zililetwa na mikokoteni, kazi yangu utotoni ikiwa kukata karatasi za kuweka kwenye nafasi za waya na kuhesabu mizunguko. Beringi mbovu hukwaruza. Huo mlio wa Wisconsin haukukwaruza. Ulikuwa mzito, wenye mapigo, kama mtu anayesukuma mlango huku mwenzake anauvuta. Beringi hazikuwa na kosa. Kidhibiti ndicho kilichokuwa kinasukuma pasipo mahali pake.

Hapa naomba msomaji asiye wa kazi hii anivumilie kidogo, kwa sababu ugomvi wote uliofuata umo ndani ya sehemu ndogo sana za sekunde.

Kidhibiti cha mota ya njia tatu kina transista sita, yaani swichi ndogo za umeme, mbili kwa kila njia, moja juu na moja chini. Za kwetu ziliwashwa na kuzimwa mara 16,000 kwa sekunde, na kwa kurefusha au kufupisha muda wa kuwaka ndipo kidhibiti hupima kiasi cha umeme kinachokwenda kila njia. Duru moja ya kuwasha na kuzima huchukua mikrosekunde 62.5, na mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndani ya duru hiyo kidhibiti lazima kijue mkondo unaopita kila njia, la sivyo hakijui sumaku ya rota, sehemu ya mota inayozunguka, imeelekea wapi. Mota zetu hazikuwa na kihisi cha kuonyesha rota ilipo. Kidhibiti kilikuwa kinakisia kutokana na mkondo, kama kipofu anayejua kona ya chumba kwa mwangwi wa fimbo.

Vidhibiti vya bei kubwa hupima mkondo kwenye kila njia. Sisi tulikuwa na rizista moja tu, kipande kidogo cha kupimia mkondo, kwenye waya wa kurudi, kwa sababu ya bei. Rizista hiyo moja inaweza kukupa habari za njia zote tatu, mradi uisome kwa wakati wake. Katika kila duru kuna kidirisha cha muda ambacho mkondo unaopita pale ni wa njia moja, kisha kidirisha kingine ambacho mkondo ni wa njia nyingine, na ule wa tatu unaupata kwa hesabu kwa kuwa jumla ya yote mitatu ni sifuri. Kuna wakati kidirisha kinakuwa na mikrosekunde tatu au nne tu, na mwanzo wake haufai kwa sababu mawimbi bado yanatetemeka. Ukisoma mapema umesoma kelele. Ukichelewa umesoma habari za jirani.

Sasa, prosesa, yaani ubongo wa kidhibiti, ikisema "washa", transista haiwaki papo hapo. Amri inapita kwenye saketi ya kuisukuma, inachelewa. Transista nayo ina uzito wake wa kuamka na kulala, inachelewa tena. Muda huo wa kuchelewa hubadilika kwa joto, kwa ukubwa wa mkondo, na hata kati ya transista mbili zilizotoka boksi moja. Sisi tuliupima maabara, kwenye nyuzi 25, tukauandika kwenye programu kama namba isiyobadilika. Kwenye kibanda cha mfugaji namba hiyo ilikuwa ya uongo hadi transista zipate moto. Kwa robo saa nzima prosesa ilisoma mkondo wa njia moja ikadhani ni wa nyingine, ikasukuma rota upande usiotakiwa, ikajirekebisha, ikakosea tena. Ndio huo mngurumo.

Dawa tuliyoipata haikuwa ghali. Prosesa yetu ilikuwa na mguu mmoja usio na kazi. Tukavuta kiungo chembamba kutoka kwenye njia ya kutokea hadi kwenye mguu huo, prosesa ikaweza kuona transista imewaka lini hasa, si lini iliambiwa iwake. Tofauti ya nyakati hizo mbili ndiyo muda wa kuchelewa, uliopimwa kwenye mashine yenyewe, katika hali ya hewa iliyopo. Kisha programu ikausogeza wakati wa kusoma mkondo kwa kiasi hichohicho. Tulirudi kibandani Februari, bado barafu imejaa, tukawasha. Mfugaji alitoa glovu moja akaweka kiganja juu ya pampu, akasema tu kwamba sasa anasikia ng'ombe.

Bosi akataka hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wetu. Na haraka ilikuwepo ya kweli. Tulikuwa twende na kidhibiti kipya kwenye maonyesho ya viwanda kule Nuremberg, Ujerumani, mwezi Novemba, na Ulaya ukishaonyesha uvumbuzi wako hadharani kabla ya kupeleka maombi, umejinyima mwenyewe. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa huruma baada ya kuonyesha, lakini tangu tarehe 16 Machi 2013 nayo inampa haki anayetangulia kupeleka maombi, si anayetangulia kubuni. Kwa hiyo maelezo niliyaandika kwa siku nne, usiku mwingi, nikampa wakili, akayapanga kisheria, yakaenda.

Maombi ya hataza yana sehemu mbili zinazopaswa kusemezana. Maelezo hueleza uvumbuzi kwa urefu, aya kwa aya, zikiwa na namba. Madai, mwishoni, ndiyo mipaka ya shamba: kilichomo ndani ya dai ni chako kwa miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi, kilicho nje ni cha watu wote. Dai letu la 1 lilisema kwa ufupi hivi: kupima muda wa kuchelewa wakati mota inafanya kazi, na kusogeza wakati wa kusoma mkondo kulingana na muda huo. Nililipenda sana. Lilikuwa pana, lina pumzi. Dai la 7, lililoning'inia chini ya la 1, liliongeza kwamba kipimo cha duru moja kinatumika katika duru inayofuata papo hapo. Hilo silo langu. Kijana wetu wa programu alipita nyuma ya kiti changu akasoma, akasema, "Andika na hilo, maana ndivyo programu inavyofanya." Nikaliandika ili tuende tukale.

Mkaguzi wa ofisi ya hataza akaleta hati ya zamani kutoka Japani. Ndani yake kidhibiti kilipima muda wa kuchelewa kwa mapigo machache ya majaribio mara tu kinapowashwa, rota ikiwa bado imesimama, kikauhifadhi, na baadaye kikautumia kusogeza wakati wa kusoma. Akasema: dai la 1 si jipya. Mengine, kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hii, hayakuhitaji ubunifu.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Hati ile ilipima mara moja tu, mwanzoni! Ukiiweka kwenye kibanda cha mfugaji ingepima kwenye baridi, ikawa kimya mwanzoni, halafu transista zikipata moto ingeanza kunguruma. Na zaidi ya hayo, rota imesimama. Mota iliyosimama inafanyaje kazi? Tulijibu hivyo mara ya kwanza, tukakataliwa. Mara ya pili pia. Ukishakataliwa mara mbili una haki ya kukata rufaa.

Wakili, mama wa makamo aliyewahi kuwa mhandisi kabla ya kusoma sheria, alinipa njia nyingine. Tulipe ada, tufungue upya, tuongeze kwenye dai la 1 maneno kama "rota ikiwa imeshaanza kuzunguka". Picha ya tatu ya maelezo yetu ilionyesha hivyo, kwa hiyo tusingekuwa tumeongeza jambo jipya. Alisema, na nakumbuka kwa sababu alivua miwani: "Unaweza kuwa na haki na bado ukapoteza muda." Nikakataa. Nilimwambia bosi kwamba tukiongeza neno hata moja tumekiri kosa. Bosi alinisikiliza mimi badala ya wakili. Kati ya yote niliyofanya kwenye jambo hili, hilo ndilo ninalolijutia, zaidi hata ya ile aya.

Rufaa ya hataza Marekani ni safari ya karatasi. Unatoa taarifa ya rufaa, ndani ya miezi miwili unapeleka hoja zako, mkaguzi anajibu, una miezi miwili ya kumjibu, lakini hapo huruhusiwi kuchomoa hoja uliyoiweka mfukoni tangu mwanzo. Ulichokiacha kimeachwa. Halafu unangoja. Sisi tulingoja karibu miaka miwili.

Katika kungoja huko wakili alinipa kesi moja ya kusoma, nafikiri ili nipunguze kiburi. Ni ya kampuni ya Nidec dhidi ya kampuni ya Broad Ocean ya Zhongshan, China, iliyoamuliwa mwaka 2017 na mahakama ya rufaa ya shirikisho inayosikiliza mambo ya hataza, kule Washington. Hataza yenyewe, mali ya Nidec, ilihusu mota za mashine za kupasha na kupoza hewa, zinazoendeshwa kwa wimbi laini badala ya lile la pembe ili zisipige kelele. Nilidhani nitasoma mambo ya mota. Nikakuta kurasa nyingi ni za kalenda. Broad Ocean walipinga hataza hiyo kwa hati kadhaa, moja ya Kijapani, na tafsiri yake ikakosa kiapo cha mtafsiri. Bodi ya ofisi ya hataza, inayosikiliza mapingamizi kama hayo, ikaiweka kando. Wakapeleka ombi la pili, safari hii na kiapo, lakini mwaka mmoja ambao sheria inautoa tangu mtu apelekewe mashtaka ulikuwa umepita, kwa hiyo wakaomba ombi hilo liunganishwe na la kwanza. Majaji wawili kwa mmoja wakakataa. Bodi ikaongeza majaji wakawa watano, wakakubali. Mahakama ya rufaa ilipolipokea jambo, ikaliacha swali la kuunganisha bila kulijibu, ikaivunja nguvu hataza kwa hati nyingine kabisa, ingawa majaji wawili kati yao waliandika pembeni kwamba utaratibu ule unawatia shaka. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya watu wengine, ikaamua kwamba mtu hawezi kujiunganisha na ombi lake mwenyewe kwa namna hiyo. Nilimrudishia wakili karatasi zake nikamwambia mota haimo humu. Akasema, "Ndiyo maana nimekupa."

Basi Alexandria. Bodi ya Rufaa iko ng'ambo ya mto Potomac ukitoka Washington. Chumba chenyewe si kikubwa, kinafanana na mahakama iliyonunuliwa fanicha za ofisi. Majaji wawili walikuwepo, wa tatu alikuwa kwenye skrini. Sheria inataka wawe watu wa sheria na wa sayansi pia, na ilionekana: jaji wa skrini aliuliza habari za kutetemeka kwa mawimbi kwa namna ambayo mtu haulizi kama hajawahi kushika osiloskopu. Tulipewa dakika 20. Mvumbuzi unakaa nyuma, husemi.

Wakili alianza vizuri. Alieleza baridi, kibanda, transista kupata moto. Jaji wa kati alimwacha kama dakika tano, kisha akauliza: mashine ya kwenye hati ya Kijapani ikiwekwa kwenye kibanda hicho, itanguruma inapowashwa?

"Inapowashwa, hapana, mheshimiwa. Itanguruma baadaye, ikishapata joto."

"Dai la 1 linasema wapi 'ikishapata joto'?"

Wakili akasema linasema "wakati mota inafanya kazi". Jaji akafunua ukurasa. Akasoma aya ya 21 ya maelezo yetu kwa sauti. Niliitambua kabla hajamaliza neno la tatu. Niliiandika usiku wa tatu kati ya zile siku nne, na ilikuwepo pale kama kiungo tu cha kutoka aya ya 20 kwenda ya 22, haina kazi yoyote ya kihandisi. Ilisema: mfumo huanza kufanya kazi mara tu umeme unapoingia.

Basi. Umeme ukiingia, mfumo unafanya kazi. Hati ya Kijapani inapima umeme ukishaingia. Kwa hiyo inapima wakati mfumo unafanya kazi. Wakili alijaribu kutenganisha mfumo na mota, na ilikuwa hoja halali, lakini kwenye aya ya 34 nilikuwa nimeyachanganya maneno hayo mawili mara nne, na jaji wa skrini alizihesabu.

Kanuni yao ni kwamba, hataza ikiwa bado inaombwa, neno la dai hupewa maana pana kadiri inavyokubalika kwa akili, kulingana na maelezo ya mwombaji mwenyewe. Miaka miwili niliiona kanuni hiyo ni ya kukomoa watu. Nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha nyuma nikaiona ina adabu. Mwombaji bado ana kalamu mkononi. Akitaka maana nyembamba, aandike nyembamba. Mimi nilipewa kalamu mara mbili, na mama yule alinivulia miwani.

Kuna kitu kilinijia pale ambacho sikuweza kumwambia mtu ndani ya chumba. Kwa Kiingereza nilikuwa nimetumia neno moja la "wakati wa" nikadhani limetosha. Ningekuwa nimeandika kwa Kiswahili, kitenzi chenyewe kingenibana. Mota inapowashwa. Mota ikizunguka. Mota ikiwa inazunguka. Mota ikishashika kasi. Mota ikishapata moto. Silabi moja tu, -po-, -ki-, -sha-, na tayari umesema saa inaanza kuhesabiwa wapi. Sisemi Kiswahili kingetushindia rufaa. Nasema nilikuwa nayo hiyo mizani kichwani tangu utotoni, na kwa siku zile nne sikuitoa. Siku hizi nikiandika dai lolote lenye wakati ndani yake naliandika kwanza kwa Kiswahili kwenye karatasi ya pembeni, na nikikwama nichague -po- au -ki-, najua bado sijauelewa uvumbuzi wangu.

Na ndicho alichoniuliza mjomba saa nane usiku. Sisi tunahesabu tangu kuche, wao tangu usiku wa manane, na hakuna aliyekosea, mradi mtu aseme anahesabia wapi. Kidhibiti chetu kilikuwa na ugonjwa uleule: kilihesabu tangu amri ilipotolewa badala ya tangu transista ilipowaka. Tuliponya kidhibiti tukasahau kuponya maelezo yake.

Dakika tatu za mwisho ndizo zilizotuokoa kidogo, nami karibu nisizisikie kwa hasira ya kujilaumu. Wakili aliacha dai la 1 akaenda la 7. Kipimo cha duru hii kinatumika duru inayofuata papo hapo. Hati ya Kijapani inapima mara moja, inahifadhi, inaanza kuzungusha baadaye. Aya ya 21 isome upendavyo, haiwezi kufanya duru ya baadaye iwe duru inayofuata papo hapo. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba kurudia kipimo kila duru ni jambo la wazi, lakini hakuonyesha sababu ya mtu kufanya hivyo kwa mashine ambayo mapigo yake ya majaribio hayawezi kupigwa rota ikizunguka. Jaji wa skrini aliandika kitu.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki chache, kurasa 14. Kukataliwa kwa dai la 1 na mengine kumethibitishwa. Kukataliwa kwa dai la 7 kumetenguliwa. Sentensi ya kijana wa programu, niliyoiandika ili tuwahi chakula, ndiyo iliyobaki imesimama. Nilimpigia, akacheka sana, kisha akauliza kama kuna nyongeza ya mshahara.

Tungeweza kwenda kwenye ile mahakama ya Washington. Sheria inatoa siku 63 za kutoa taarifa. Bosi hakutaka kusikia, na safari hii hakuniuliza. Tukalifuta dai la 1, tukaliandika la 7 upya lisimame kwa miguu yake, hataza ikatoka. Ina utepe na muhuri wa dhahabu, na bosi aliitundika karibu na mashine ya kahawa.

Mwaka uliofuata nilirudi Nuremberg. Kwenye banda moja, ambalo sitalitaja, palikuwa na kidhibiti kidogo chenye rizista moja, kinazungusha pampu ndani ya sanduku la kioo lenye baridi ya kutengenezwa, kioo kimeota ukungu. Kimya kabisa. Nikauliza kijana aliyesimama pale, akanieleza kwa fahari: wanapima kuchelewa kwa transista mota ikizunguka, kila duru ya kumi, wanachukua wastani, halafu wanasogeza wakati wa kusoma.

Nilimtumia wakili ujumbe kutoka palepale. Jibu lake lilifika jioni. Duru ya kumi si duru inayofuata papo hapo. Tungeweza kudai kwamba ni kitu kilekile kwa namna nyingine, lakini tulilifuta dai pana tukabaki na jembamba ili tupewe hataza, na tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Festo mwaka 2002, aliyefinya dai lake namna hiyo anadhaniwa ameyaacha yaliyobaki nje, na ni kazi yake kuthibitisha vinginevyo. Kwa maneno ambayo tungekuwa tumeyaongeza kwenye dai la 1 kabla ya rufaa, aliandika, duru ya kumi ingekuwa ndani ya shamba letu. Hakuongeza kitu kingine, na ninamheshimu kwa hilo.

Asubuhi yake nilirudi kwenye lile banda kabla watu hawajajaa. Nilikuwa na bisibisi kwenye mkoba. Kijana alinitazama kwa mashaka nilipoomba kuigusa pampu, kisha akafungua kioo. Nikaweka ncha kwenye gamba, mpini sikioni. Ilikuwa nzuri. Laini kuliko yetu.